Kusahau kwa Wazee Wetu: Wangapi Wanaugua, na Nini Kinawaweka Hatarini

(Mada iliyotolewa kwenye semina ya kamati za parokia pamoja na wageni wetu wafadhili)



Tumeombwa tuzungumzie ugonjwa ambao wengi wetu tunauona kila siku bila kuuita ugonjwa. Nyumbani tunasema "Bibi amerudi utoto", au "Mzee siku hizi maneno yake hayashikiki", kisha tunacheka kidogo na kuendelea na kazi. Wataalamu wa afya wanauita dimensia. Ni hali ya ubongo kuharibika polepole, mtu akapoteza kumbukumbu, akapoteza uwezo wa kufikiri na kupanga mambo, mpaka akashindwa kuendesha maisha yake bila msaada wa mwingine.

Hapa tuelewane mapema. Kila mzee husahau. Ukisahau miwani ulipoiweka, ukaikuta kichwani, wewe ni mzima. Jina la mtu likikupotea asubuhi likarudi jioni, bado ni mzima. Jambo la kuangalia ni pale mama aliyepika maisha yake yote anaposimama mbele ya mafiga asijue kinachotangulia ni maji au unga. Ni pale mzee aliyekuwa mweka hazina wa chama cha kahawa anapotoa noti ya elfu kumi kununua kiberiti na kuondoka bila kungoja chenji. Au anapopotea njia ya kwenda kanisani, njia aliyoipita kwa miaka hamsini. Au anapouliza swali lilelile mara kumi kabla chai haijapoa. Hayo hayaletwi na umri peke yake. Wapo wazee wa miaka 90 katika parokia zetu wanaokumbuka nani alimlipia nani mahari, na ng'ombe wangapi.

Sasa tuje kwenye swali la kwanza: ni wangapi?

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa ugonjwa huu ni wa Wazungu, kwamba Afrika haupo au ni nadra sana. Sababu mojawapo ni kwamba hakuna aliyekuwa amehesabu. Kwa bahati nzuri, hapa Tanzania kazi hiyo ilifanyika, tena kijijini. Mwaka 2010 watafiti wa Tanzania na wa Uingereza walikwenda wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, wakapita katika vijiji sita na kuwapima wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Baada ya kurekebisha hesabu kulingana na umri, walikuta kwamba asilimia 6.4 ya wazee hao wana dimensia. Kiwango hicho hakiko mbali na kile cha nchi tajiri.

Tuiweke hesabu hiyo kwa lugha ya parokia. Parokia yenye wazee 200 waliofikisha miaka 70 itarajie kuwa na wagonjwa 12 au 13. Wanakamati mlioko hapa, jiulizeni kimoyomoyo mnawajua wangapi kwa majina. Tulipouliza swali hili kwenye vikao vidogo, jibu la kawaida lilikuwa mmoja au wawili. Wengine wapo ndani ya nyumba, na familia zao hazisemi.

Inafaa tueleze pia jinsi walivyopima, kwa sababu hapo pana somo kwa kila anayefanya kazi na wazee wetu. Vipimo vilivyozoeleka Ulaya humpa mtu penseli na kumwambia achore saa ya ukutani, au aandike sentensi. Mzee wa Hai ambaye hakupelekwa shule na hajawahi kushika penseli atashindwa mtihani huo hata kama akili yake ni kali kuliko yetu. Kutokana na kazi hiyo ya Hai, kikatengenezwa kipimo kifupi kinachomfaa mtu asiyejua kusoma. Mzee huulizwa leo ni siku gani ya juma, na nani ni kiongozi wa kijiji. Huulizwa daraja ni kitu gani. Huambiwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Husomewa maneno kumi, na baadaye kidogo huulizwa anayakumbuka mangapi. Mwisho huonyeshwa njiti za kiberiti zilizopangwa kwa mtindo fulani, naye huombwa azipange vivyo hivyo. Hakuna penseli wala saa. Mhudumu wa afya aliyefundishwa anaweza kukifanya barazani. Sisi tunakisifu sana kipimo hiki, kwa sababu kinampima mzee kwa yale anayoyajua.

Tuseme jambo moja zaidi kuhusu hesabu, ili mfadhili atakayesoma tarakimu nyingine mahali pengine asidhani tumemdanganya. Wazee walewale wa Hai walipopimwa kwa vigezo vingine vya kitaalamu, vilivyotungwa kwa ajili ya nchi zinazoendelea na vinavyokamata hata dalili ambazo vigezo vya kwanza huziacha, kiwango kilipanda hadi asilimia 21.6. Wataalamu bado wanabishana mstari uchorwe wapi. Sisi tunatumia ile ndogo ya 6.4, na hata hiyo inatosha kututoa usingizini.

Kwa dunia nzima, Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wanaishi na dimensia, na zaidi ya asilimia 60 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kila mwaka wanaongezeka wagonjwa wapya karibu milioni 10. Umri ndio sababu kubwa kuliko zote: baada ya miaka 65, uwezekano wa kuugua huongezeka takriban mara mbili kila baada ya miaka mitano hivi. Na sisi tunaishi muda mrefu kuliko babu zetu, jambo la kumshukuru Mungu. Kwa hiyo hata tusipofanya kosa lolote, wagonjwa wataongezeka, kwa kuwa wazee wanaongezeka.

Je, kama umri hauzuiliki, kuna lolote la kufanya? Lipo, na hilo ndilo lililotuleta hapa.

Katika miaka ya 1990 watafiti walifuatilia jamii mbili zenye asili moja ya Kiafrika. Moja ni Wayoruba wa Ibadan, Nigeria. Nyingine ni Wamarekani weusi wa mji wa Indianapolis. Kwa watu wa miaka 65 na zaidi, Ibadan ilikuwa na wagonjwa asilimia 2.29, Indianapolis asilimia 8.24. Walipoendelea kuwafuatilia kwa miaka kadhaa wakakuta kuwa wagonjwa wapya kila mwaka walikuwa asilimia 1.35 Ibadan na asilimia 3.24 Indianapolis, zaidi ya mara mbili. Damu ya mababu haiwezi kueleza tofauti yote hiyo. Watafiti wakaangalia maisha yenyewe: chakula, uzito wa mwili, presha, kisukari. Wayoruba wale walikuwa na nafuu kwa mengi ya hayo. Lakini tukitazama miji yetu leo, na hata vijiji, chipsi zimefika na soda zimefika, na bodaboda imemwondolea kijana kazi ya kutembea. Nafuu ile ya Ibadan hatuwezi kuitegemea kwamba ni yetu milele.

Mwaka 2024 tume ya wataalamu iliyoundwa na jarida la tiba la Lancet ilitaja visababishi 14 vya hatari vinavyoweza kurekebishwa. Makadirio yao ni kwamba kama vyote vingeondolewa, karibu asilimia 45 ya dimensia duniani ingezuilika au kucheleweshwa. Tafadhali msiichukue kama ahadi kwa mtu mmoja mmoja. Yuko mtu aliyeishi kwa kiasi maisha yake yote na bado akaugua, na hana lawama. Hesabu hiyo ni ya umma mzima.

Hatutavisoma vyote 14 kama orodha ya mahudhurio. Tukae kwanza kwenye presha, kwa kuwa kwetu sisi hapo ndipo penye mzigo mkubwa.

Katika wilaya hiyohiyo ya Hai, wazee wapatao 2,223 wa miaka 70 na zaidi walipimwa presha. Karibu saba kati ya kila kumi walikuwa nayo juu. Wengi hawakuwa kwenye matibabu, na hata kati ya waliokuwa wakimeza dawa, wachache tu presha yao ilikuwa imedhibitiwa. Presha haiumi. Mtu anatembea nayo miaka ishirini, analima, anacheza ngoma ya harusi, huku mishipa midogo ya ubongo inaharibika mmoja baada ya mwingine. Siku moja inakuja kwa kishindo, tunaiita kiharusi. Au haiji kwa kishindo, inakuja kidogokidogo: mzee anapungukiwa leo neno hili, kesho hesabu ile. Kati ya wagonjwa waliothibitishwa kule Hai, karibu nusu walikuwa na aina ya dimensia iitwayo Alzheimer, na wapatao wanne kati ya kumi walikuwa na aina inayotokana na mishipa ya damu ya ubongo. Hao wanne ndio tunaowafikiria tunapotetea bajeti ya mashine za kupima presha. Tena anayepaswa kupimwa zaidi ni mtoto wake mzee huyo, mwenye miaka 40 au 45, ambaye leo yuko shambani na hana habari. Presha ya umri wa kati ndiyo inayoharibu ubongo wa uzeeni.

Kisukari huenda pamoja na presha kama ndugu wawili, vivyo hivyo lehemu mbaya katika damu, unene uliozidi na kukaa bila kushughulisha mwili. Sigara na ugoro wa kuvuta tumeshazungumza sana katika semina zilizopita. Pombe kupita kiasi nayo imo. Na hapa tunawaomba radhi wenyeji wetu wa migombani, hatusemi kibuyu kimoja cha mbege siku ya sikukuu, tunasema kulewa kila siku, na hasa hizi pombe kali za kwenye chupa ndogo.

Masikio huenda yakawashangaza. Kupungua kusikia ni mojawapo ya visababishi vizito kabisa katika orodha ya wataalamu, sawa na lehemu. Mzee asiyesikia huacha kuja kwenye jumuiya, kwa sababu kila akijibu watu wanacheka. Akiacha kuja, anakaa peke yake; akikaa peke yake, ubongo unakosa kazi. Upweke wenyewe umo katika orodha, na pia sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Macho kadhalika. Mtoto wa jicho ni tatizo linalotibika kwa upasuaji mfupi, na bado tunao wazee wanaoongozwa kwa fimbo na mjukuu. Kwa masikio, wakati mwingine ni nta tu iliyoziba, nayo huondolewa zahanati.

Elimu ya utotoni ni ngome nyingine. Mtu aliyesoma akiwa mdogo huujengea ubongo akiba ya kutumia uzeeni. Wafadhili mnaolipia karo za wasichana, mnalinda pia uzee wao wa mwaka 2080, jambo ambalo sidhani kama mmewahi kuliona katika taarifa zetu. Majeraha ya kichwa: hapa ni bodaboda, na kofia ngumu inayoning'inizwa kwenye mkono wa pikipiki badala ya kuvaliwa. Hewa chafu: moshi wa magari na viwanda. Moshi wa kuni jikoni ni janga kwa mapafu na macho, na hautarajiwi kuwa rafiki wa ubongo. Nje ya orodha hiyo, sisi tusisahau Virusi vya UKIMWI, ambavyo visipotibiwa huathiri ubongo. Wapo wazee wengi wanaoishi navyo, na ni nadra mtu kumshauri mzee wa miaka 65 akapime.

Kabla hatujaenda mbali, kuna onyo. Si kila anayechanganyikiwa ana dimensia. Mzee aliyekuwa mzima juzi, leo haijui siku wala nyumba, na maneno yake yanaruka ruka, huyo ni mgonjwa wa haraka. Inaweza kuwa malaria, homa ya mapafu, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini, sukari iliyoshuka, au damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Dimensia huja polepole, kwa miezi na miaka. Hata hiyo ya polepole inahitaji mganga aithibitishe, maana matatizo ya tezi, upungufu wa vitamini na sonona vinaweza kuiga dalili zake, na hivyo vina tiba.

Dimensia yenyewe haina dawa ya kuiponya. Anayeuza mitishamba akidai inaponya anakula fedha za familia. Na dawa za usingizi ambazo baadhi ya familia humpa mzee ili atulie usiku huzidisha kuchanganyikiwa, naye huamka akiyumba na kuvunjika nyonga.

Sasa tunafika mahali pagumu. Mwanamke mzee mwenye dimensia hutoka usiku, maana kwake usiku na mchana havina mpaka. Anaingia uwanja wa jirani. Labda ameacha khanga nyumbani. Anaulizwa anatafuta nini, anajibu maneno yasiyoeleweka, au anamtaja mtu aliyekufa. Katika vijiji vingi vyetu, watu wakiliona hilo hawamwiti mganga wa zahanati. Kanda ya Ziwa tunajua macho mekundu tu, yaliyoungua kwa moshi wa miaka sitini jikoni, yaliwatosha watu kumwita bibi mchawi na kumkata mapanga. Kwa jirani zetu Kenya, Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa na umati wa watu katika eneo la Marani, kaunti ya Kisii, wakituhumiwa uchawi. Hatusemi kila aliyeuawa alikuwa na dimensia. Tunasema kwamba dalili za ugonjwa huu, mtu asipozijua, zinafanana mno na hadithi za uchawi alizosikia tangu utoto. Kamati ya parokia inayojua nani ni mgonjwa inaweza kwenda kwa majirani mapema, mchana, kabla hapajatokea kifo cha mtoto au ng'ombe mtaani, na kuwaeleza kwa utulivu: bibi huyu anaumwa, mkimwona usiku mrudisheni nyumbani. Kazi hii haihitaji fedha yoyote. Inahitaji mtu anayeheshimika.

Na wale wanaomtunza? Kwa kawaida ni mkwe, au binti aliyerudi kwa wazazi, au mjukuu wa kike aliyeachishwa shule bila mtu kutamka kwamba ameachishwa. Watoto wa kiume wako Dar es Salaam au Arusha, wanatuma fedha kwa simu wanapoweza. Mtunzaji halali. Anatukanwa na mtu anayempenda, anashutumiwa kuiba kitenge ambacho mzee mwenyewe amekificha. Tunawashauri watunzaji wasibishane na mgonjwa: akisema anakwenda kumwona mama yake aliyefariki, usimwambie amekufa, atalia upya kila mara kana kwamba ni msiba wa leo. Muulize mama huyo alikuwaje, mtembee pamoja hadi mgombani, mrudi. Lakini ushauri peke yake haumpi mtunzaji usingizi. Mwanajumuiya anayekuja Jumamosi kukaa na mzee kwa saa tatu anampa.

Kuna jambo la kutia moyo, nalo pia limetoka Hai. Wazee 34 wenye dimensia ya kiasi walikusanywa katika vikundi vidogo, wakashiriki vipindi vya kuchangamsha akili kwa wiki saba: kuimba, kuzungumzia mambo ya zamani, michezo, kutambua vitu vya nyumbani. Vifaa vilikuwa vya kawaida kabisa. Kumbukumbu na uwezo wa kufikiri ulipata nafuu, wasiwasi ulipungua, na mzigo wa watunzaji ukapungua pia. Parokia inayo ukumbi usiotumika siku za kazi, ina wanakwaya, ina wazee wanaojua nyimbo zote za zamani. Tumeomba wahudumu wa afya waliofundishwa watuonyeshe namna ya kuviendesha, na parokia mbili zitaanza.

Wafadhili wetu mmekuwa mkituuliza kwa adabu kwa nini tunaongeza fungu la wazee wakati watoto ni wengi. Jibu letu ni kwamba fungu lenyewe ni dogo: mashine za kupima presha zenye mkanda wa ukubwa tofauti, betri zake, mafunzo ya siku tatu, na nauli ya kumfikisha mzee hospitali ya wilaya. Na kwa kila mjukuu atakayerudi darasani kwa sababu mtunzaji wa pili amepatikana, fungu la watoto nalo limepata faida. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bure. Mnajua ilivyo: mara nyingi mzee anatibiwa bure, kisha anapewa cheti cha dawa akanunue dukani. Dawa ya presha inayokatika wiki mbili kila mwezi haimsaidii. Kamati zifuatilie hilo kwenye vikao vya kata, kwa jina la dawa na kwa tarehe ilipokosekana, maana lalamiko la jumla halijibiwi.

Fomu ziko mezani hapo nyuma, karibu na kitabu cha mahudhurio. Kila kamati ichukue za kutosha jumuiya zake. Maswali ni machache: umri wa mzee, anaishi na nani, presha ilipimwa lini mara ya mwisho, anasikiaje, anaonaje, amewahi kupotea njia, na nani anamtunza. Majina yasisomwe kanisani wala kubandikwa ukutani. Yabaki kwa mwenyekiti wa kamati na muuguzi wetu, nasi tutapita kuzikusanya kabla ya mvua kubwa kuanza.